Kambi Ilitufundisha Kungoja

Hotuba kwa wanafunzi wa kidato cha nne na wazazi wao, kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya

Bwana asifiwe. Asalaam aleikum. Habari zenu wazazi wangu, walimu wangu, na nyinyi wadogo zangu mliobanana huko nyuma hadi wengine mmekaa madirishani. Asanteni kwa kunipokea. Mwalimu mkuu aliponialika aliniomba nije niwatie moyo. Nitafanya hivyo nikiweza, lakini moyo peke yake haumfikishi mtu chuoni. Nimekuja kuwaeleza mambo ambayo mimi sikuelezwa na mtu, na kutoyajua kulinigharimu.

Nilizaliwa Fizi, Kivu ya Kusini, huko Kongo. Hapa nilifika nina miaka saba, nimeshika pindo la kitenge cha mama. Yule pale mbele ndiye mama yangu, na naona ameshaanza kulia kabla sijasema lolote. Nilisoma hapa hapa. Darasani tulikuwa zaidi ya mia, kitabu kimoja cha sayansi tunakisoma watu watano, na mwalimu wetu wa hesabu alikuwa mkimbizi kama sisi, analipwa ile posho ndogo ya insentivu ambayo ikinunua viatu hainunui sukari.

Na kabla ya shule palikuwa na bomba. Wote mnaijua foleni ya bomba. Jerikeni unaipanga tangu usiku, saa kumi alfajiri unaamka kwenda kuangalia kama bado iko mahali pake. Ukikuta imesogezwa nyuma, unanyamaza. Anayesema sana kwenye foleni anaitwa mkorofi, na mkorofi siku yake ya shida hana wa kumsaidia. Basi tunajifunza mapema: panga, nyamaza, ngoja.

Tunangoja maji. Tunangoja reshen ya chakula. Tunangoja mesiji ya Bamba Chakula, ile pesa ya kununulia chakula, iingie kwenye simu. Tunangoja jina libandikwe ubaoni, tunangoja kuitwa mahojiano, na tukishahojiwa tunangoja tena. Wako wazee kwenye kambi hii waliofika mwaka ilipofunguliwa, 1992, na mpaka leo wanangoja. Siidharau subira hiyo. Bila hiyo wengi wetu tungerukwa na akili. Lakini tabia hii hii ukiibeba hadi kwenye kuomba skolashipu, na ukipanda nayo ndege hadi chuoni, itakuangusha. Chuo hakimwiti mtu jina. Chuo kinamjua anayeuliza. Hilo ndilo lililonileta, na mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Kwanza tujue skolashipu ni kitu gani, maana hapa tunaisema kama mvua: imenyesha kwa fulani, haijanyesha kwa fulani.

Mimi nilikwenda Kanada kwa mpango wa wanafunzi wakimbizi wa WUSC, shirika la Kanada, ambao ulianza mwaka 1978. Nilifika Manitoba mwezi wa nane. Uwanja wa ndege walikuja kunipokea wanafunzi wanne wa kamati ya chuo, mmoja wao ni msichana aliyeshika koti la baridi alilolikadiria kwa kuangalia picha yangu tu, na lilinikaa sawasawa. Wiki ya pili msichana yule alifungua laptopu yake anionyeshe namna ya kujiandikisha masomo. Kwenye orodha ya malipo yake nikaona mistari mingi: karo, maktaba, basi, uwanja wa michezo. Mstari mmoja ulitaja mwanafunzi mkimbizi, na mbele yake dola chache, bei ya kahawa na andazi kule. Nikamuuliza, hiki ni nini? Akaniambia, “Hicho ni wewe.”

Nilikaa kimya muda mrefu. Nilikuwa nimedhani kuna tajiri mahali fulani, au serikali, iliyotia sahihi. Kumbe ni vijana maelfu, kila mmoja anakatwa kidogo pamoja na karo yake, na katika vyuo vingi walipiga kura wenyewe kukubali kukatwa. Msichana yule mama yake ni muuza duka, na yeye mwenyewe anasoma kwa mkopo. Ndipo nilipoelewa kwamba skolashipu si mvua. Ni mchango, kama ule tunaochanga hapa mtu akifiwa. Na mwenye msiba hakai ndani akingoja watu wabahatishe kujua. Anatuma mtoto mlango kwa mlango aseme.

Wenyeji wetu Wakenya wana historia yao kwenye jambo hili na inafaa tuijue. Mwaka 1959 nchi hii ilikuwa bado chini ya Waingereza, na nafasi za chuo kikuu kwa Mwafrika zilihesabika kwa vidole. Tom Mboya alikwenda Marekani akazunguka akihutubia chuo baada ya chuo, na kila alipomaliza kuhutubia aliomba nafasi za wanafunzi. Nafasi zikapatikana, nauli hakuna. Wakaombwa watu. Jackie Robinson mchezaji wa besiboli, Harry Belafonte mwimbaji na Sidney Poitier mwigizaji waliweka majina yao kwenye barua ya kuomba michango kwa Wamarekani wa kawaida, na huku vijijini watu wakachangishana. Septemba mwaka huo ndege ya kwanza iliondoka na vijana 81. Mwaka uliofuata akaenda binti wa Nyeri akasomee biolojia katika chuo kidogo cha watawa huko Kansas. Huyo ni Wangari Maathai, ambaye mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Huwa najiuliza ingekuwaje kama Mboya angekaa Nairobi akingoja barua.

Sasa tuje kwenye karatasi. Hapa nitakawia, kwa sababu hapa ndipo nimeona watoto wenye akili wakianguka huku wale wa katikati wakipita.

Hebu niulize: ni nani humu amezaliwa tarehe 1 Januari? Inueni mikono. Mnaona? Karibu nusu ya ukumbi. Mama alifika na watoto wanne, amechoka, hana cheti, akaulizwa tarehe hakumbuki, karani akaandika 1 Januari ili foleni iende. Hiyo siyo dhambi ya mtu. Shida inaanza pale karatasi ya shule inaposema mwezi wa sita na manifesti, ile karatasi ya kambi yenye majina ya familia, inasema Januari.

Nilikuwa na rafiki, alinizidi alama tangu darasa la sita. Ameniruhusu nisimulie. Kwenye manifesti jina lake lilitanguliza la babu yake, kama desturi yetu Wakongo. Shuleni waliandika la ubatizo kwanza, la babu wakaliacha kabisa, na mwaka wa kuzaliwa ukatofautiana kwa miaka miwili. Aligundua akiwa kidato cha tatu. Alinyamaza. Aliogopa kwamba akisema ataonekana mdanganyifu, au familia nzima itafutwa kwenye orodha. Akasema moyoni, labda hawataona. Siku ya mahojiano ya mwisho mtu akaziweka karatasi mbili mezani, ubavu kwa ubavu, akamuuliza: wewe ni nani kati ya hawa wawili? Nafasi ile ikampita. Kurekebisha kulimchukua karibu miaka miwili, ofisi hii inamtuma ile, ile inamrudisha hii. Angesema kidato cha tatu ingekuwa kazi ya wiki chache.

Kwa hiyo wadogo zangu, leo jioni mkifika nyumbani mwombeni mama manifesti. Iwekeni kando ya fomu mliyosajiliwa nayo kwa mtihani wa KCSE, na cheti cha kuzaliwa kama kipo. Someni herufi kwa herufi. Neema yenye e mbili na Nema yenye e moja ni watu wawili kwa mtu aliye Ottawa au Berlin. Mkiona tofauti, kesho asubuhi mwambieni mwalimu, kabla cheti cha mtihani hakijachapishwa. Kikishachapishwa, kukirekebisha ni safari nyingine.

Jambo lingine la karatasi nitalisema kwa uchungu. Kuna watu wanapita kwenye bloku wakiuza nafasi za Kanada. Wana mihuri, wana fomu zenye bendera, wanataka “ada ya kufungua faili”. Jirani yetu, mama mjane, aliuza cherehani yake kumlipia kijana wake. Cherehani ile ndiyo iliyokuwa inawalisha. Mwenye mihuri hakuonekana tena. WUSC haiuzi nafasi. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, haiuzi nafasi. Ukiombwa pesa ili uchaguliwe, yule siyo mfadhili, ni mwizi, na usiione aibu kulisema kwa sauti ili jirani naye asiibiwe.

Tena eleweni tofauti, maana watu wanazichanganya. Anayekwenda kwa mpango niliokwenda mimi anaingia Kanada akiwa mkaazi wa kudumu. Karo yake ni ile ya mwenyeji, na mwaka wa kwanza wa kushikwa mkono ukiisha anaweza kuomba mikopo na misaada ya serikali kama kijana mwingine yeyote wa kule. Mwanafunzi wa kimataifa, yule anayekwenda kwa viza ya masomo, njia yake ni nyingine. Karo yake ni kubwa mara kadhaa, lazima aonyeshe pesa benki kabla ya kupewa viza, na saa za kufanya kazi wakati wa muhula zina mpaka. Nimesoma na vijana wa namna hiyo kutoka Lagos na Nairobi. Nimemwona mmoja akiacha shule mwaka wa tatu kwa sababu biashara ya baba yake ilianguka. Usijaribu njia ile kwa pesa za kukopa ukitumaini mambo yatajipa ukifika.

Na Kanada siyo mlango peke yake, wala siyo mpana. Mpango ule huchukua vijana kama 150 hivi kwa mwaka kutoka nchi kadhaa kwa pamoja. Wengi zaidi wanapita mlango wa DAFI, ambao Ujerumani iliuanzisha na UNHCR mwaka 1992, na huo unakusomesha katika nchi uliyokimbilia, hapa hapa Kenya. Nimesikia watoto wakisema “nimepata DAFI tu”. Hiyo “tu” iondoeni mdomoni. Shahada ni shahada, na wewe utaisoma huku ukiweza kuja kumzika bibi yako. Mimi sikuweza kuja kumzika wangu.

Iko pia Mastercard Foundation kupitia vyuo kama Makerere, iko skolashipu ya serikali ya Uturuki ambayo kwa kawaida hufungua maombi Januari, wakati matokeo yenu bado ni ya moto. Dadaab, kuanzia mwaka 2013, walimu wa kambini walisoma shahada huku wakifundisha, kwa ushirikiano wa vyuo vya Kenyatta na Moi na vyuo viwili vya Kanada. Hapa Kakuma Wajesuiti walianza masomo ya chuo kwa intaneti mwaka 2010. Kila moja ina tarehe yake, na tarehe hazibandikwi zote kwenye ubao mmoja. Nendeni maktaba, nendeni kwa aliyetangulia, ulizeni hadi mchokwe, kisha ulizeni tena.

Najua hesabu si nzuri. Duniani, kati ya vijana wakimbizi 100 wa umri wa chuo, walioko chuoni hata 10 hawafiki. Lakini miaka michache iliyopita alikuwa 1. Lengo la UNHCR ni wafike 15 ifikapo 2030. Hao walioongezeka hawakuongezeka kwa kungoja.

Sasa nieleze mwaka wangu wa kwanza. Sehemu hii sijawahi kuisimulia mbele ya watu, na leo mama ataisikia yote.

Hapa Kakuma mlikuwa mnaniita Profesa. Mtihani wa kwanza wa kemia kule nilipata 38 kwa 100. Niliikunja karatasi mara nne, nikaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti. Kingereza cha mhadhara kilikuwa kinanipita mbio, maabara sikuwa nimeiona maishani, na vyombo walivyokuwa wanavishika kama vijiko mimi niliviogopa. Zaidi ya hayo nilikuwa silali. Nilikuwa nimepata kazi ya kusafisha ofisi usiku, kwa sababu reshen ilikuwa imepunguzwa huku na simu za nyumbani zilikuwa haziishi. Nikilipwa, natuma M-Pesa, ninabaki na wali na mayai. Kisha nikipiga simu nasema, niko sawa, Kanada ni pazuri. Nilituma na picha, nimevaa lile koti, nimeegemea gari la mtu.

Kemia nilifeli. Baadaye nikaja kujua kulikuwa na tarehe ya mwezi wa kumi na moja ambayo ningeweza kujiondoa kwenye somo lile bila alama mbaya kuandikwa. Ilikuwa imeandikwa, ila sikumuuliza mtu. Januari nikapata barua ya onyo: muhula ujao ukiwa hivi, huna nafasi.

Profesa wa kemia alikuwa na karatasi mlangoni pake: Jumanne, saa nane hadi saa kumi. Hizo ni saa anazokaa pale kwa ajili ya mwanafunzi yeyote mwenye swali, na kila profesa anazo. Mimi nilikuwa nadhani ni za walioharibu. Kwetu, mwanafunzi akiitwa ofisini, nyumbani wanajua ni kiboko au mzazi anatakiwa. Siku ile nilipita mbele ya mlango ule mara tatu nikijifanya natafuta choo. Mara ya nne mlango ulikuwa wazi, akaniona. Akaniambia ingia, ukae.

Nikaitoa karatasi ya 38 ikiwa na mikunjo yake. Akaitandaza kwa viganja, akaisoma yote, akasema hapa ulielewa, hapa ulielewa, hapa hukuelewa swali lenyewe. Kisha akaniuliza, “Kwa nini hukuja Septemba?”

Nikamjibu ukweli. Nikasema, “Nilikuwa nangoja uniite.”

Alinyamaza kidogo. Akasema, “Nina wanafunzi 300. Sikuwa na namna ya kujua.”

Ndugu zangu, sina njia ya kuwaeleza jinsi neno lile lilivyonifungua. Miaka yote nilidhani anayeangalia anaona. Kwamba ukiteseka vizuri, kimya kimya, mtu fulani ofisini atakuona na kukuita. Profesa yule hakuwa mbaya. Hakuwa na habari tu. Nilirudi kila Jumanne hadi mwisho wa muhula. Kemia niliirudia nikapata B. Kamati nayo nilipoiambia kwamba silali wala sili, walishtuka, mmoja akalia. Kumbe chuo kilikuwa na ghala la chakula la wanafunzi, ghorofa moja chini ya mahali nilipokuwa nasoma na njaa. Kumbe kulikuwa na mfuko wa dharura. Vyote vilikuwepo tangu siku ya kwanza.

Sasa wazazi wangu, niruhusuni niseme nanyi kama mtoto wenu.

Mlidhani nina pesa kwa sababu mimi ndiye niliyewaonyesha gari. Kosa hilo ni langu na ninalikiri mbele yenu. Nilipokuja kumwambia mama ukweli, mwezi wa pili, theluji imefika magotini, alinyamaza hadi nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, “Mwanangu, sisi bukari bila sombe tumeshakula na hatukufa. Wewe kula.” Tukapatana: nitatuma kila baada ya miezi mitatu, kiasi hiki, na kwa ugonjwa tu zaidi ya hapo. Simu za wajomba mama akazipokea mwenyewe. Sijui alikuwa anawaambia nini, lakini walinyamaza.

Kwa hiyo mtoto wako akichaguliwa, usimfungie mzigo wa ukoo mzima mgongoni siku anapopanda ndege. Mpe angalau mwaka mmoja. Mwulize umekula nini, usimwulize unatuma lini. Akisema amefeli somo, usimwambie ametuaibisha. Mtoto anayeogopa kukuambia wewe hatamwambia mtu mwingine.

Na kuhusu mabinti. Nilipochaguliwa, baba mdogo alisema mtoto wa kike hawezi kwenda nchi ya watu peke yake, kwanza aolewe. Mpango ule unataka kijana asiye na familia ya kuitunza; ningeolewa, safari ingekuwa imeishia hapo. Mama hakubishana naye. Alikuwa ameshajibu zamani kwa vitendo. Miezi mitatu kabla ya mtihani aliniondoa kwenye foleni ya bomba, akawa anaamka yeye saa kumi na mgongo wake ule unaouma. Nikisikia mlango unalia gizani najua mama anatoka ili mimi nisome. Akina baba mlioko hapa, kama kuna binti wa kidato cha nne nyumbani, angalieni nani anachota maji.

Wasichana, hili nawaambia nyinyi. Akitokea mwanaume mwenye cheo, awe nani, akakuambia atakuandikia barua ya kukupendekeza ukimtembelea kwake, usiende na usifiche. Mwambie mama, mwambie mwalimu wa kike, mwambie mchungaji au imamu, mpaka apatikane atakayesikia. Barua ya kweli huandikwa mchana, mezani, mlango ukiwa wazi.

Yule rafiki yangu wa majina mawili, nilisema ameniruhusu. Baada ya miaka ile miwili majina yake yalinyooka. Aliomba DAFI akakosa, akaomba tena akapata. Amesoma ualimu wa hesabu na fizikia, na ndiye anayewafundisha nyinyi hapa. Mwalimu, simama wakuone. Mpigieni makofi, anastahili kuliko mimi.

Yuko pia Abdullahi Mire, aliyekulia Dadaab. Alipata makazi Norway, akarudi Kenya, na amefikisha vitabu 100,000 kwenye kambi. Mwaka 2023 UNHCR ilimpa tuzo ya Nansen. Kazi ile ilianza na msichana mmoja wa Dadaab aliyemwomba kitabu kimoja cha biolojia. Tunamsifu Mire na tunamsifu kwa haki, lakini mimi huwa namfikiria yule msichana. Aliona mtu anapita, akafungua mdomo.

Nimemaliza. Mwalimu mkuu amenipa meza na viti viwili pale nje chini ya mwarobaini, nami nitakuwa hapo leo hadi saa kumi na moja na kesho tangu saa tatu. Anayekaa karibu akimbie nyumbani sasa hivi alete manifesti. Mlete na fomu ya usajili wa mtihani, tuzilinganishe moja moja. Anayeogopa kuongea mbele ya wenzake aje mwisho, nitamngoja.